Kufundisha Hifadhi ya Mapipa ya Vimiminika katika Madarasa ya Juu ya Shule ya Msingi

Utangulizi

Ni shule chache za msingi ambazo jirani yake hakuna pipa. Penye mashine ya kusaga nafaka pana pipa la dizeli; penye karakana pana pipa la oili chafu; penye shamba kubwa pana madumu ya dawa za kuulia wadudu; na majumbani mwa wanafunzi wenyewe mna mapipa na madumu ya kuwekea maji ambayo mara nyingi yalianza maisha yake kiwandani yakiwa yamejaa kitu kingine kabisa. Watoto huyaona mapipa hayo kila siku. Huyakalia, huyaviringisha, na huyachungulia ndani.

Licha ya hayo, mwanachuo aendapo katika mazoezi ya kufundisha, aghalabu huigusa mada hii kwa sentensi mbili tu: petroli ni hatari, msiichezee. Makala haya yana madhumuni mawili. Kwanza, kumpa mwalimu maarifa yatakayomwezesha kueleza kwa nini vyombo vikubwa vya vimiminika huhifadhiwa na kushughulikiwa kwa taratibu maalumu. Pili, kuonyesha jinsi maarifa hayo yanavyoweza kufundishwa katika Darasa la V au la VI kwa vipindi viwili vya dakika 40 kila kimoja, kwa zana zinazopatikana kijijini na bila kuleta darasani hata tone moja la petroli.

Upungufu wa kufundisha kwa makatazo

Mwanafunzi aliyeambiwa tu kwamba asiwashe moto karibu na pipa la petroli amepewa katazo lenye kufaa kwa hali moja. Mpeleke penye pipa tupu. Atajiuliza, petroli iko wapi? Kwa kuwa haioni, ataona pia kwamba katazo halihusiki. Kumbe pipa tupu lililokuwa na petroli huweza kuwa la hatari kuliko lililojaa, na mafundi wamekwisha kupoteza maisha kwa kulikata au kulichomelea pipa waliloamini kuwa halina kitu.

Kwa hiyo kila sheria ya usalama hapana budi ifundishwe pamoja na sababu yake. Anayeijua sababu huweza kujiongoza hata mahali ambapo hakuna aliyemwekea bango.

Maarifa anayopaswa kuwa nayo mwalimu

(a) Uzito. Lita 1 ya maji ina uzito wa kilo 1. Pipa la kawaida la chuma hubeba lita 200, na lenyewe likiwa tupu lina uzito wa takriban kilo 20. Likijazwa maji, basi, uzito wake ni kama kilo 220, yaani watu wazima watatu kwa pamoja. Petroli ni nyepesi kuliko maji, ambapo lita 200 zake zina uzito wa kilo 150 hivi. Viwandani hutumika pia tangi la plastiki la umbo la sanduku, lililozungushiwa kimia cha chuma, lenye ujazo wa lita 1,000. Likijaa maji huwa na uzito wa tani 1 na zaidi.

Ni kwa sababu ya uzito huu kwamba pipa linaloviringishwa husukumwa kwa viganja vilivyokunjuliwa, katikati ya ubavu. Halisukumwi kwa mguu, na vidole havishiki ukingo, kwa maana vitabanwa. Penye mteremko mtu hasimami upande wa chini. Pipa lililolazwa huwekewa kabari pande zote mbili. Aidha, chombo kilichojaa nusu kina matata yake: kimiminika hukimbilia upande mmoja na kukivuta chombo kizima. Ndiyo maana matangi ya malori hujengewa kuta ndani ili kupunguza msukosuko huo.

Uzito peke yake huweza kuua hata kama kimiminika si sumu wala hakiwaki. Tarehe 15 Januari 1919, katika mji wa Boston nchini Marekani, tangi kubwa la molasi, yaani uji mzito unaobaki baada ya kutengeneza sukari, lilipasuka. Wimbi la molasi lilibomoa nyumba na kuua watu 21. Wanafunzi wanaoishi karibu na mashamba ya miwa wataielewa habari hiyo upesi.

(b) Kupanuka na kupumua. Vimiminika hupanuka vikipata joto. Kila lita 1,000 za petroli huongezeka kwa karibu lita 1 joto lipandapo kwa digrii 1 ya Selisiasi. Pipa la lita 200 lililopata baridi ya alfajiri, kisha likaachwa juani hadi joto likapanda kwa digrii 20, litakuwa na ongezeko la lita 4 hivi. Ikiwa lilijazwa pomoni, lita hizo hazina pa kwenda. Kwa hiyo chombo huachiwa nafasi juu, na pipa huwekwa kivulini.

Usiku mambo hugeuka. Kimiminika na hewa iliyomo pipani hupoa na kusinyaa, na pipa huvuta hewa kutoka nje kupitia kizibo kisichokaza sawasawa. Kama pipa limesimama nje na maji ya mvua yametuama juu yake, pipa litavuta maji hayo. Hii ndiyo sababu mwenye mashine hulalamika kwamba dizeli yake ina maji ilhali hakuna aliyeyatia. Dawa yake ni pipa kuwekwa chini ya paa. Likibidi kukaa nje, lilazwe juu ya magogo, vizibo vyake viwili vikiwa katika mstari mmoja wa mlalo, ili kimiminika kilichomo ndani kivifunike na hewa isipite.

(c) Mvuke. Petroli yenyewe haiwaki. Kinachowaka ni mvuke wake uliochanganyika na hewa. Petroli hutoa mvuke wa kutosha kushika moto hata katika baridi kali ya digrii 40 chini ya sifuri. Mafuta ya taa huhitaji joto la digrii 38 na zaidi, na dizeli huhitaji zaidi ya digrii 50. Hivyo katika nchi zetu petroli iliyo wazi iko tayari kushika moto saa zote za mchana na usiku.

Mvuke huo ni mzito kuliko hewa, mara tatu au nne. Haupai kama moshi. Hutambaa chini, hufuata mitaro, huingia mashimoni, na huweza kuufikia moto ulio mbali kisha moto ukarudi nao hadi kwenye pipa.

Mchanganyiko hushika moto pale mvuke wa petroli uwapo kati ya asilimia 1.4 na 7.6 hivi ya hewa. Ukizidi hapo, hewa haitoshi. Ukipungua, mvuke hautoshi. Hapa ndipo siri ya pipa tupu ilipo. Pipa lililojaa petroli lina nafasi ndogo ya hewa, na nafasi hiyo imejaa mvuke mwingi mno. Pipa tupu lina hewa tele, na kijiko kikubwa kimoja au viwili vya petroli iliyobaki katika mikunjo yake vyatosha kuligeuza kuwa bomu. Kulisuuza mara moja kwa maji hakuondoi hatari hiyo.

Cheche nayo si lazima itoke kwenye kiberiti. Petroli inapotiririka huzalisha umeme tuli. Kwa ajili hiyo viwandani pipa la chuma na pampu huunganishwa kwa waya, na waya huo hupelekwa ardhini. Dumu nalo hujazwa likiwa limewekwa chini, si likiwa ndani ya gari.

(d) Sumu na mchanganyiko usiofaa. Vimiminika vingine hudhuru vikinywewa, vikigusa ngozi, au vikikutana na kitu kingine. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Desemba 1984, huko Bhopal nchini India, maji yaliingia katika tangi la kemikali ya kutengenezea dawa za wadudu. Kemikali ikachemka, gesi ya sumu ikatoka na kuenea katika makazi ya watu, na maelfu wakafa. Kwa kipimo kidogo, fundi wa betri anaijua kanuni ya namna hiyo: asidi hutiwa katika maji polepole, maji hayatiwi katika asidi.

Kwa mujibu wa hayo, kila chombo lazima kiwe na jina la kitu kilichomo. Tangu mwaka 2003 Umoja wa Mataifa umekuwa na utaratibu wa alama unaotumika duniani: picha nyeusi katika mraba mweupe uliosimama kwa pembe, wenye ukingo mwekundu. Mwali wa moto ni kitu kinachowaka. Fuvu na mifupa ni sumu kali. Matone yanayochoma mkono ni kitu kinachounguza. Malori ya petroli huwa na namba 1203. Chombo kisicho na jina kisiguswe. Vilevile mafuta ya taa yasitiwe katika chupa ya soda, wala dumu la dawa ya wadudu lisigeuzwe la maji, hata likioshwa namna gani.

Madhumuni ya somo

Baada ya vipindi viwili, mwanafunzi aweze:
1. Kukadiria uzito wa kimiminika kilichomo katika chombo kwa kujua ujazo wake.
2. Kueleza kwa nini chombo kisijazwe pomoni na kwa nini pipa likae kivulini.
3. Kueleza kwa nini pipa tupu la petroli ni la hatari.
4. Kutambua alama tatu za hatari.
5. Kusema atakachofanya akikuta lori la mafuta limepinduka.

Zana

Chupa ya kioo yenye kizibo, mrija mwembamba (mrija wa kalamu iliyokwisha wino wafaa), nta ya mshumaa, beseni mbili, maji ya moto na ya baridi, rangi yoyote ya maji, chupa ya lita 1, mizani, magadi, ndimu au siki, jagi, kipande kifupi cha mshumaa, bilauri pana, ndoo ya mchanga, na michoro ya alama tatu za hatari.

Hatua za somo: Kipindi cha kwanza

Hatua ya 1 (dakika 10). Wanafunzi wapime chupa ya lita 1 ikiwa tupu, kisha ikiwa imejaa maji. Waandike tofauti. Waulizwe: pipa la lita 200 je? Wakishapata jibu, wakadirie ni wanafunzi wangapi wa darasa lao wenye uzito sawa na pipa hilo. Hapo ndipo kanuni za kuviringisha pipa zifundishwe, kwa kuwa sasa zina maana.

Hatua ya 2 (dakika 15). Jaza chupa ya kioo maji yenye rangi, tia kizibo chenye mrija, ziba kwa nta, uiweke katika beseni la maji ya moto. Mwanachuo aangalie kwa makini: maji katika mrija hushuka kidogo kwanza, kisha hupanda. Mwanafunzi mwenye macho mazuri ataliuliza hilo. Asikemewe. Kioo hupata joto kwanza na kupanuka kabla ya maji. Ndipo maji nayo hupanuka kuliko kioo.

Hatua ya 3 (dakika 15). Chupa tupu isuuzwe kwa maji ya moto, imwagwe, kisha ipinduliwe mara moja mdomo ukiwa ndani ya beseni la maji baridi. Kadiri inavyopoa, maji hupanda ndani yake. Uliza: ikiwa chupa hii ni pipa, na maji haya ni mvua ya jana, kumetokea nini? Wanafunzi wenyewe wachore ubaoni jinsi pipa linavyofaa kulazwa.

Kipindi cha pili

Hatua ya 1 (dakika 15). Mwalimu atie magadi katika jagi na kuyamiminia ndimu. Povu litulie. Mshumaa mfupi uwashwe ndani ya bilauri pana. Kisha mwalimu ainamishe jagi juu ya bilauri kana kwamba anamimina maji, bila kumwaga kimiminika. Mshumaa utazimika. Kitu kisichoonekana kimetiririka kwenda chini.

Hapa mwanachuo awe macho. Gesi itokayo katika magadi huzima moto. Mvuke wa petroli huulisha moto. Vitu hivi viwili vinafanana katika jambo moja tu: vyote ni vizito kuliko hewa na havionekani. Mwalimu asiposema hivyo waziwazi, mtoto mwerevu atatoka darasani akiamini kwamba mvuke wa petroli huzima mshumaa, na somo la usalama litakuwa limezaa ajali. Tofauti hiyo iandikwe ubaoni, na wanafunzi wainakili.

Hatua ya 2 (dakika 10). Majadiliano juu ya pipa tupu. Yaweza kwenda hivi:

Mwalimu: Petroli ya pipa hili imekwisha. Ndani mmebaki nini?
Mwanafunzi: Hamna kitu, Mwalimu.
Mwalimu: Ukinusa mdomoni mwake je?
Mwanafunzi: Pananuka petroli.
Mwalimu: Harufu hiyo ni kitu gani?
Mwanafunzi mwingine: Ni mvuke, Mwalimu. Basi si tupu.

Maneno hayo ya mwisho ndiyo kiini cha somo zima. Mwalimu asiyatamke yeye. Asubiri yatoke kwa wanafunzi.

Hatua ya 3 (dakika 15). Lori lililopinduka. Tarehe 31 Januari 2009 huko Sachangwan nchini Kenya, tarehe 2 Julai 2010 huko Sange katika Kivu ya Kusini nchini Kongo, na tarehe 10 Agosti 2019 huko Msamvu, Morogoro, malori ya mafuta yalianguka, watu wakakusanyika, wengi wao kuchota, na moto ukalipuka. Sachangwan na Morogoro walikufa zaidi ya watu 100 kila mahali. Sange, zaidi ya 200.

Habari hizi zisimuliwe kwa heshima. Huenda darasani ameketi mtoto aliyefiwa. Mwalimu asiseme kwamba waliokufa walikuwa wezi au wapumbavu. Waliona mafuta yanamwagika bure katika siku ya shida, na wengi walikuja na ndoo bila kujua kwamba mvuke ulikwisha kuwazunguka miguuni. Waulizeni wanafunzi: katika mambo tuliyojifunza, lipi lingewaokoa? Kisha wajifunze la kufanya: kutokaribia, kwenda mbali upande ambako upepo unatoka na mahali palipoinuka, kutowasha kitu chochote, na kumwambia mtu mzima apige simu. Nchini Tanzania namba ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ni 114.

Lipo swali gumu ambalo wanafunzi hawakosi kuliuliza: nikitumwa na mzazi nikachote? Haifai mwalimu kumfundisha mtoto utovu wa adabu, wala haifai kumwacha bila neno la kusema. Mpeni maneno, na ayafanyie mazoezi kwa maigizo: “Baba, naomba tusiende. Tumefundishwa kwamba mvuke wa petroli hutambaa chini na hauonekani. Hata aliye mbali na lori huweza kuungua.” Mtoto anayetoa sababu kwa unyenyekevu husikilizwa kuliko anayekataa tu, na huenda akawa amemwokoa na baba pia.

Kuunganisha na hesabu

Viwandani tangi huzungushiwa ukuta mfupi ili likivuja kimiminika kisisambae. Kanuni inayotumika sana ni kwamba eneo hilo liweze kupokea asilimia 110 ya ujazo wa tangi kubwa kuliko yote yaliyomo. Nyongeza ya 10 ni kwa ajili ya mvua na povu la kuzimia moto. Wanafunzi wapewe zoezi hili: tangi la lita 5,000 limeinuliwa juu ya nguzo, sakafu iliyo chini yake ina urefu wa mita 4 na upana wa mita 3. Ukuta uwe na kimo gani? Ujazo unaotakiwa ni lita 5,500, yaani mita za ujazo 5.5. Tukigawa kwa eneo la mita za mraba 12, tunapata mita 0.46 hivi, au sentimita 46.

Ziara

Ikiwezekana, wanafunzi wapelekwe penye mashine ya kusaga, karakana au kiwanda kilicho karibu. Mwanachuo atangulie peke yake, aombe ruhusa kwa mwenyeji, na aone mahali watakaposimama watoto. Kila kikundi kipewe swali moja: mapipa yako kivulini au juani? Yana majina? Yamewekewa kabari? Yakivuja, mafuta yataelekea wapi? Watoto waandike walichokiona bila kumsahihisha mwenyeji mbele za watu. Majadiliano yafanyike darasani.

Tathmini

Mwanachuo asitoshelezwe na maswali ya “taja mambo matano”. Atoe matukio mapya. Mfano: fundi anataka kukata pipa la petroli tupu alitengenezee jiko, umshauri nini, na kwa nini? Mfano wa pili: mdogo wako amekunywa mafuta ya taa kutoka katika chupa ya soda; ufanye nini? Jibu la mfano wa pili lifahamike vizuri: asitapishwe, kwa sababu mafuta yakirudi kooni huweza kuingia mapafuni, apelekwe hospitali haraka pamoja na chupa yenyewe. Alama zitolewe kwa sababu iliyotajwa, si kwa jibu peke yake.

Hitimisho

Mwanachuo anapoandika andalio la somo hili, na ajaze safu ya sababu kabla ya kujaza safu ya kanuni. Akishindwa kupata sababu ya kanuni fulani, na arudi maktabani au amuulize mkufunzi wake kabla ya kusimama mbele ya watoto. Mwishoni mwa kipindi cha pili awaachie wanafunzi kazi moja ya nyumbani: kila mmoja akague vyombo vya kwao, aone ni kipi hakina jina, na amwombe mzazi wakiandike pamoja.